Lisifiwe Swali la Saa Nane za Usiku

Watu husifia wali wa nazi, upepo wa kusi na macho ya wapenzi wao. Mimi nimekuja kulisifia swali la dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, swali lile linalowakwamisha watu katikati ya usiku wanapopandisha toleo la Debian au Ubuntu, na ambalo kwa kadiri nijuavyo halijawahi kuambiwa hata ahsante.

Kwa asiyelijua, ni hivi. Umenunua bando la usiku, umeme upo, umeandika apt full-upgrade na mistari imeanza kumiminika kwenye skrini. Unajisemea: hapa ni kulala tu, alfajiri nitakuta Debian 12 imekuwa 13. Alfajiri unakuta haijawa kitu. Tangu saa nane kila kitu kimesimama, mashine ni nusu ya zamani na nusu ya mpya, na kielekezi kinapepesa chini ya maneno ambayo kwa Kiswahili yangesomeka hivi: faili la mipangilio /etc/sudoers limebadilishwa tangu liliposakinishwa, na wewe au na programu fulani, mtunza kifurushi naye ameleta lake jipya. Unataka kufanya nini? Bonyeza Y uchukue jipya, N ubaki na lako, D uone tofauti, Z ufunguliwe sheli ukachunguze mwenyewe.

Tuanze na subira yake. Litakusubiri ukoge, unywe chai, uende kazini na kurudi. Umeme ukikatika, ukirudi ukaandika dpkg --configure -a, nalo linarudi lilelile, bila kinyongo, wala halikuulizi ulikuwa wapi.

Nasaba yake si haba. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Dpkg ya mwanzo ilikuwa hati ya sheli tu, kisha Ian Jackson akaiandika upya kwa lugha ya C. Sera ya Debian nayo imeweka amri isiyo na mjadala: mabadiliko aliyoyafanya mwenye mashine kwenye mipangilio yake lazima yahifadhiwe kifurushi kinapopandishwa toleo. Swali letu ni askari wa amri hiyo, na kama askari wengi, linaripoti saa ambayo wewe umelala.

Tena wanalisingizia kwamba linauliza ovyo. Si kweli. Kwa kila faili la mipangilio la namna hii, dpkg huweka kwenye /var/lib/dpkg/status alama ya md5, namba ndefu inayotokana na yaliyomo ndani ya faili. Ukiongeza hata nukta moja, namba inageuka. Usipoligusa faili, jipya linaingia kimya kimya. Ukiligusa wewe lakini mtunza kifurushi hakuligusa, lako linabaki, kimya vilevile. Hata ukilifuta, dpkg inaheshimu ufutaji wako na hailirudishi. Swali linatokea pale tu nyote wawili mmetia mkono. Kwa hiyo usiku ule unapolilaani, kumbuka kwamba mara nyingi ni ushahidi wa kazi yako: kuna siku ulilifungua faili lile ukabadilisha kitu. Kitu gani? Hapo ndipo wema wake unapozidi, maana linakufanya ukae gizani ukijihoji juu ya jambo ambalo hukuliandika popote.

Waangalie wapinzani wake. Kwenye Fedora na jamaa zake, rpm haiulizi. Inaamua, inakuachia pembeni faili lenye mkia wa .rpmnew au .rpmsave, halafu inaendelea na safari. Arch inaacha .pacnew. Hao wanakuacha ulale fofofo, na ndiyo aibu yao: wameingia nyumbani kwa mtu bila hodi, wakapanga viti, wakaandika kikaratasi. Dpkg inapiga hodi. Inapiga saa mbaya, inapiga tena kwa faili linalofuata, lakini inapiga.

Wala haizibiki mdomo kirahisi. Mafundi wenye haraka huweka DEBIAN_FRONTEND=noninteractive wakidhani wamemaliza kazi. Hiyo humnyamazisha debconf, jirani yake anayeuliza maswali ya vifurushi vyenyewe. Dpkg inauliza vilevile, na ikikuta hakuna wa kuijibu, inatoa kosa na kugoma. Ili inyamaze kweli inabidi uipe chaguo kama --force-confold, yaani utie saini mapema kwamba la zamani ndilo libaki. Hata ukimya wake una masharti.

Sasa nifike kwenye fadhila ambayo wanyonge wa sifa wangeificha: wakati mwingine majibu yote mawili ni mabaya. Debian 8 ilipotoka Aprili 2015 ilileta Apache 2.4 badala ya 2.2. Aliyebonyeza N alibaki na apache2.conf yake ya zamani, yenye mstari wa LockFile ambao Apache mpya haiujui; seva ikakataa kuwaka. Aliyebonyeza Y alipata faili jipya linalosoma tovuti zenye mkia wa .conf tu, na tovuti zake ambazo faili zake hazikuishia hivyo zikaachwa nje. Huu ndio usawa mbele ya sheria. Ni swali gani lingine linalomtendea mwoga na jasiri sawasawa?

Aliyebonyeza D ndiye aliyesalimika. D inaonyesha mistari iliyotoka kwa alama ya kutoa na iliyoingia kwa alama ya kujumlisha, kisha q inakurudisha kwenye swali. Wengi hawajui hiyo q, hubaki humo wakibonyeza kila kitu hadi kibodi inaomba msamaha. Na Z, herufi ninayoipenda kuliko zote, inakupa sheli uingie uhariri faili kwa mkono wako, ukimaliza uandike exit. Kama kuna aliyewahi kuibonyeza kwa makusudi, nampongeza. Ukibonyeza Enter tu kwa usingizi, inahesabiwa N: kwa mtu asiyejua anachofanya, swali linachagua kutoharibu.

Lina kimya chake pia, nacho nakisifu kwa tahadhari. Linalinda mipangilio ya /etc na kwisha. Picha zako na nyaraka zako zilizoko /home hazimo katika mazungumzo. Upandishaji wenyewe hauzigusi, ila GNOME, KDE au Firefox zikifunguliwa mara ya kwanza katika toleo jipya huweza kujiandikia upya mipangilio yako kwenye mafaili yanayoanza na nukta, na hapo dpkg haina la kusema. Hifadhidata nazo hivyo hivyo: Debian 12 ilikuja na PostgreSQL 15, Debian 13 ikaja na 17, na data inabaki kwenye 15 mpaka wewe mwenyewe uendeshe pg_upgradecluster. Diski ikifa njiani, Y na N zote hazitakusaidia.

Basi ukipandisha toleo wiki hii, nakili kwanza /etc, /home na hifadhidata zako kwenye diski ya nje, tena uifungue hiyo nakala uone inasomeka. Swali likija, bonyeza D kabla ya herufi nyingine yoyote. Kazi ikiisha, tafuta ndani ya /etc mafaili yenye mikia ya .dpkg-dist na .dpkg-old: la kwanza ni jipya ulilolikataa, la pili ni lako ulilolitupa. Na bando la usiku ukilinunua, usilale.