Elimu Iliyopitia Bandarini

Mwalimu akiwa darasani anafundisha. Akikaa kuandika barua ya kuomba kazi hafundishi tena, ana-"impart knowledge". Kitenzi hiki mtaani hakina shughuli nyingine. Kinakaa kabatini kama suti ya harusi, kinatolewa siku ya barua ya kazi, siku ya mahafali na siku ya kumuaga mkuu wa shule anayestaafu. Na kwa kuwa hakivaliwi mara kwa mara, kila kikitoka kinabana pahala.

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari hapa Morogoro, kwa hiyo barua za mtaa mzima hupitia mezani kwangu. Malipo ni soda, na soda yenyewe huja vuguvugu. Mpwa wangu alipomaliza stashahada ya ualimu naye akaja na yake. "Shikamoo mjomba. Iangalie kidogo tu, kisha naipeleka." Hiyo "kidogo tu" ndiyo inayonimalizia jioni zangu. Aya ya pili ilisema: "I am able to impart the students with knowledge."

Nikamwambia wanafunzi hawa-impartiwi. Kinacho-impartiwa ni maarifa. Wanafunzi wanasubiri ng'ambo ya "to". Andika "impart knowledge to the students", basi. Akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa darasa. "Sasa mjomba, mbona maarifa yametangulia watu?"

Swali lilikuwa zuri kuliko yeye alivyodhani. Kwa Kiswahili mtu hakai mbali na kitenzi. Tunawapa wanafunzi maarifa, tunawafundisha hesabu, na yule "wa" keshajibanza ndani ya kitenzi kabla hesabu hazijatajwa. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta masomo yamegeuka Kiingereza, anahamia huko na mpangilio wake. Waingereza nao hawamsaidii. "Give" na "teach", vitenzi vyao vya nyumbani, vinakubali mtu atangulie. Vile vyenye asili ya Kilatini, kama "explain", "donate" na huyu wetu, kwa kawaida vinagoma. Ile "with" watu wameiazima kwa "provide" na "equip", ambako ilikuwa imetulia haina ugomvi na mtu. Ndiyo maana kila mwaka wanafunzi wangu hunyoosha mkono kwa adabu zote wakisema, "Sir, explain us." Huwa naeleza kwanza. Kusahihisha kunaweza kusubiri, swali la mtoto haliwezi.

Mwenzangu wa Historia huniona najisumbua bure. Hoja yake ni kwamba Mwalimu Nyerere, alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alisema kazi ya elimu ni ku-"transmit" hekima ya jamii kutoka kizazi hadi kizazi, na mtu aliyemtafsiri Shakespeare hakukosa msamiati. Sawa, lakini jaribu kumwandikia mwajiri kwamba una uwezo wa ku-transmit kitu kwa watoto wadogo, uone kama hawatakuomba cheti cha daktari. Na huyo Shakespeare mwenyewe si wa kutegemewa hapa. Katika "Hamlet", Mfalme Claudius anamwambia kijana kwamba ana-impart kwake, halafu hataji ana-impart nini, na wahariri wamebaki wakikuna vichwa. Mwanafunzi wangu angeandika hivyo ningemkata alama. Claudius hakukatwa kwa hilo, alikuwa na kesi kubwa zaidi.

Mpwa akarekebisha kwa kalamu, akaenda steshenari kuchapiwa. Dada wa pale ana kasi ya ajabu, na mwandiko wa mpwa wangu "a" na "o" ni mapacha. Barua ikatoka: "to import knowledge to the students". Kompyuta haikupiga mstari mwekundu. Neno ni halali, tena katika nchi hii ya magari ya Japani ni maarufu kuliko ndugu yake. Nilionyeshwa barua ikiwa imeshatumwa. Shule ilikuwa Dar es Salaam, nikamfariji kwamba walau bandari iko karibu.

Halafu yakaja mahafali ya kidato cha nne shuleni kwetu. Risala ya wahitimu niliikagua mwenyewe, kila "to" ilikuwa mahali pake. Nisichoweza kukagua ni spika za kukodi. Binti alisoma vizuri, spika zikakoroma, na kilichofika meza kuu ni kwamba walimu wetu wame-import elimu kwa miaka minne. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Diwani, ambaye riziki yake ni spea za magari kutoka Dubai. Akaweka hotuba pembeni.

"Nimeguswa," akasema. "Mimi naimpoti, najua mzigo unavyokaa bandarini. Walimu hawa wameleta mzigo miaka minne na hakuna hata kontena lililopotea!" Wazazi wakalipuka kwa vigelegele. Mkuu wa shule alianza kuinuka asahihishe, akasikia Diwani anaahidi madawati hamsini, akakaa.

Mpwa naye aliitwa kwenye usaili. Mwenyekiti wa jopo, bila kucheka, akamuuliza maarifa hayo anayaagiza kutoka nchi gani. Akajibu kwamba ni ya ndani tu, yanatoka Morogoro kwa mjomba, na ushuru wake ni soda. Wakamwajiri. Wamempa Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili, na walimu wenzake wanamwita Wakala wa Forodha.