Namna ya Kufanya Fildi Manispaa Bila Kuishia Kwenye Fotokopi

Umepangiwa fildi Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na barua ya chuo inasema unakwenda kujifunza utungaji wa sera. Hongera. Wiki ya kwanza utapelekwa masijala kupanga majalada na kutoa fotokopi. Zitoe vizuri, na uzisome zikingali za moto. Humo mna mihutasari ya vikao, maombi ya wananchi na madokezo yanayopanda kwa Mkurugenzi na kushuka na maelekezo. Usipige picha wala usiyasimulie kijiweni.

Kisha tazama kalenda. Wanafunzi wengi huja likizo ndefu, na mwaka wa fedha umeshaanza tangu tarehe 1 Julai. Bajeti imepita, umefika harusini wakati wa kuosha masufuria. Usisononeke. Anayefika wakati huo anaweza kuuliza swali lenye majibu: yaliyoombwa na yaliyopewa fedha yanalingana?

Chagua ombi moja, moja tu, ulifuate. Panda daladala hadi Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, uingie ofisi ya mtaa. Toa shikamoo kwanza, barua ya utambulisho baadaye. Mwombe Mtendaji wa Mtaa kaunta buku lenye mihutasari ya mikutano ya wakazi. Tuseme mji ule uliobanwa kati ya vilima na ghuba umeomba mtaro wa maji ya mvua. Andika tarehe, idadi ya waliohudhuria na sababu walizotoa, kwa maneno yao wenyewe. Sasa nenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ni katibu. Mtaro umo? Umeshika nafasi ya ngapi? Kutoka hapo nenda kwa ofisa mipango, kisha kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani. Ukifika mahali ambapo mtaro hauonekani tena, weka kituo. Somo lako liko hapo. Huenda hakuna aliyeuficha: mapato ya ndani hayakutosha, muhtasari ulichelewa, au aliyeujua mtaro huo hakuwapo kikaoni. Uliza kwa adabu, lakini uliza mpaka ujibiwe.

Ukipangwa idara ya maendeleo ya jamii, shukuru. Huko kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Kaa na vijana wa rika lako wanaohangaika na katiba ya kikundi na fomu, uone kifungu cha sheria kinavyomfikia mtu mwenye njaa ya mtaji. Saa moja pale inazidi mihadhara mingi.

Baraza likikaa, nenda. Mikutano yake iko wazi kwa wananchi. Kaa nyuma, simu zima, sikiliza diwani gani anataja mtaa wake kwa jina.

Nasisitiza haya kwa sababu Mtwara inajua gharama ya uamuzi usioeleweka kwa wanaohusika. Mwaka 2013 watu waliingia barabarani kuhusu bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, wakiuliza mkoa wao utapata nini. Maisha yalipotea na mali iliteketea. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka hayo huanzia kwenye lile kaunta buku, na anayelisoma kwa makini ni mtumishi wa umma hata kama bado hana mshahara.

Mwisho wa fildi utaandika ripoti kwa ajili ya chuo. Tafadhali, toa nakala ya pili, uipeleke mwenyewe ofisi ya mtaa, na uwaambie wakazi mtaro wao uliishia wapi.