Sifa Njema za Daftari la Msajili

Washairi wa pwani wameusifu mnazi toka mzizi hadi kumbi, na wasema chochote wa harusini humsifu bwana harusi ambaye jina lake wamelisoma kwenye kadi dakika ile ile. Daftari la msajili wa kampuni halijapata hata kibwagizo. Basi leo nalisifu mimi, na anayeona nimekosa kazi ya kufanya asome kwanza kabla hajatuma malipo ya awali kwa mtu waliyefahamiana kwenye WhatsApp.

Nianze na umbo, kama ilivyo desturi ya kusifu. Umbo halina. Nenda kwenye tovuti ya msajili wa nchi yoyote: kuna kisanduku cha kuandikia jina, kitufe cha kubonyeza, na kile kiduara kinachozunguka mpaka chai inapoa. Ukikosea herufi moja huambiwi chochote cha kukufariji, unaambiwa hakuna. Wapo wanaoudhika. Mimi naona ni adabu. Daftari halibahatishi. Kampuni ya "Investment" si kampuni ya "Investments", na katika hiyo herufi moja ya tofauti kuna tapeli aliyekwisha kujenga ghorofa. Ndiyo maana wazoefu huomba namba ya usajili kabla ya jina. Jina hubadilishwa, huigwa, huongezewa "Group" au "Holdings" ili lifanane na la tajiri. Namba hubaki na kampuni yake tangu siku ya kuandikishwa hadi siku ya kufutwa.

Zamani, kabla BRELA, msajili wa kampuni wa Tanzania, haijahamishia shughuli zake mtandaoni mwaka 2018, Mtanzania aliyetaka kufanya upekuzi alisubiri jalada litafutwe kwa mikono, na jalada, kama mjomba mwenye madeni, lilikuwa na siku za kuonekana na siku za kutoonekana. Leo tunapekua tukiwa tumelala. Uvivu umeondolewa kisingizio chake cha mwisho, na bado watu hawapekui.

Hawapekui kwa sababu daftari ni mharibifu wa furaha, na hiyo nayo ni sifa. Dili likiwa tamu, vyakula vimeagizwa, vipeperushi vinang'aa kwa picha ya jengo ambalo si lao, daftari huingia bila kubisha hodi na kutaja tarehe. Kampuni yenye "uzoefu wa miaka ishirini" imeandikishwa mwezi uliopita. Halicheki, halimsuti mtu. Likiendelea litakutajia wakurugenzi, nani ana hisa ngapi, na kama mali imewekwa dhamana benki. Kenya sehemu kubwa ya haya hukaa kwenye karatasi moja iitwayo CR12, ambayo huagizwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi mia kadhaa. Agiza mwenyewe. Kuna watu wema mno ambao hukuletea CR12 yao ikiwa imekwisha kuchapwa ili usisumbuke. Ukikutana na wema wa namna hiyo, pokea, shukuru, halafu kaagize yako.

Kuhusu bei, mashabiki wa daftari hatujitangazi vya kutosha. Mwaka 2004 Wakenya walisikia bungeni habari za Anglo Leasing and Finance, yenye anwani ya Liverpool, iliyokuwa imepewa kandarasi ya mfumo mpya wa pasipoti kwa takriban euro milioni 30. Kampuni ya Kifaransa ilikuwa imeitajia kazi hiyo milioni 6. Ilipotafutwa kwenye daftari la kampuni za Uingereza, Anglo Leasing haikuwamo. Kutafuta jina kwenye daftari hilo ni bure. Sidai kwamba tatizo lilikuwa kutojua kubonyeza kitufe. John Githongo, aliyekuwa katibu mkuu wa utawala bora na maadili katika ofisi ya rais, alikuja kueleza mengi yanayoonyesha kwamba ujinga haukuhusika. Kinachonipendeza mimi ni kilichofuata. Kashfa ilipolipuka, kampuni isiyokuwapo ilirudisha pesa, zaidi ya euro laki tisa. Asiyezaliwa kalipa deni. Daftari la watu, kwa bahati mbaya, halina safu ya kuandika miujiza.

Maadui wa daftari wana hoja moja wanayoiona nzito: kwamba linaandika uongo. Nakubali, na hapa ndipo nasimama kabisa kwenye kiti changu. Daftari halikuahidi kusema kweli. Liliahidi kuandika nani kasema nini, na siku gani. Huko Uingereza, ambako usajili wa kampuni ulianza kwa sheria ya mwaka 1844, iliwahi kuandikishwa kampuni ambayo mkurugenzi wake, kwa Kitaliano, aliitwa Mwizi wa Kuku. Kazi yake: tapeli. Makazi: Mtaa wa Wezi Arobaini, mji wa Ali Babba. Habari ilipotoka, watu walimcheka msajili. Kwa nini? Mtu alijitaja kuwa tapeli, akaandikwa tapeli, na ukurasa ukaachwa wazi ulimwengu mzima usome. Ni tapeli yupi mwingine aliyewahi kutufanyia hisani kama hiyo? Waliokosa ni wasomaji.

Na hata pale mtu anapoandika uongo wa kawaida, usio na kuku, uongo huo haufanani na ule wa mezani. Una tarehe, una saini, na hauwezi kumezwa tena. Aliyekwambia mtaji wake ni bilioni huku ameandikisha hisa mia za shilingi elfu moja moja sasa ana kauli mbili, na moja iko mikononi mwa serikali. Anayejitambulisha kuwa mkurugenzi na jina lake halimo, huna haja ya kugombana naye. Muulize tu ni nani atakayesaini.

Nisije nikaonekana napamba, nitaje na unyenyekevu wa daftari, maana linajua mipaka yake kuliko tunavyoijua sisi. Linakwambia kampuni imezaliwa. Halikwambii imeruhusiwa kufanya nini. Watanzania waliopanda "mbegu" za fedha katika mpango wa DECI hadi mwaka 2009, wakingoja kuvuna maradufu, walipata somo hilo kwa fedha zao: mashtaka yaliyofikishwa mahakama ya Kisutu yalikuwa ya kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Leseni hutafutwa kwenye daftari jingine, la mdhibiti mwingine, nalo linachosha vilevile. Na wale wanaoning'iniza ukutani cheti cha jina la biashara wakijiita kampuni, wajue kwamba msajili hajawahi kuchanganya vitu hivyo viwili. Cheti kile kinasema kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani, basi. Ukimdai, unamdai fulani.

Inanisikitisha kueleza kwamba daftari limeanza kubadilishwa tabia. Tangu mwaka 2020 sheria za Tanzania na Kenya zinataka kampuni imtaje mmiliki manufaa, yaani anayekula matunda hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la shangazi, ingawa majibu hayaonyeshwi kila mpita njia. Uingereza wamekwenda mbali zaidi, na hawakuanza kwa heshima. Mwaka 2013 raia mmoja, akitaka kuonyesha jinsi mlango ulivyo wazi, aliandikisha kampuni na kumtaja Vince Cable, waziri wa biashara wa wakati huo, kuwa mkurugenzi, kisha akawaeleza wahusika mwenyewe. Mwaka 2018 akahukumiwa kulipa zaidi ya pauni 12,000, ikatangazwa kwamba ni wa kwanza kutiwa hatiani kwa kosa la aina hiyo. Wengine wote, kwa hesabu hiyo, walikuwa wameandika kweli tupu.

Hatimaye Machi 2024 msajili wao alipewa mamlaka ya kuhoji na kukataa. Mwezi Mei ada ya kuandikisha kampuni mtandaoni ikapanda kutoka pauni 12 hadi 50, na tangu tarehe 18 Novemba 2025 mkurugenzi mpya ni lazima athibitishe kwamba yeye ndiye yeye. Mwizi wa Kuku akirudi leo kufungua tawi ataombwa pasipoti. Labda aagize kwa wale wa Liverpool.