Sifa za Mkono Unaotetemeka

Anayepiga picha kwa kamera ya filamu na lenzi ya milimita 400, bila kuiegemeza popote, ana msaidizi asiyedai mshahara wala kuchelewa kazini: mtetemo wa mkono wake. Lenzi hiyo humvuta mnyama mara nane zaidi ya ile ya kawaida ya milimita 50, na mtetemo nao huukuza mara nane. Haina upendeleo.

Kwa hisani ya msaidizi huyu, Serengeti imejaliwa viumbe ambao wataalamu bado hawajawaorodhesha: duma mwenye mikia miwili, twiga aliyeyeyuka, na simba ambaye huenda ni kichuguu.

Wazee wa kazi walituachia kanuni kwamba lenzi ya milimita 400 hutaka kasi ya shata ya sekunde 1/500 hivi. Kwa filamu ya ISO 100 na tundu la f/8, jua la adhuhuri linatosha kabisa. Bahati nzuri, adhuhuri simba amelala kivulini. Huamka jua likizama, nuru ikiwa haitoi zaidi ya 1/60, na hapo msaidizi wetu huwa keshawasili.

Wapo wasio na shukrani. Wasovieti waliifunga lenzi ya milimita 300 na kamera ya Zenit kwenye kitako cha bunduki, chenye kifyatulio chake. Mwenye nayo atajieleza getini. Mwaka 1995 Canon wakatoa lenzi inayotuliza mtetemo kwa vipande vya kioo vinavyosogea ndani yake. Madereva wa watalii huzima injini na kutandaza kimfuko cha maharage dirishani mwa Land Rover ili lenzi ilale juu yake. Maharage, chakula cha watu! Asiye na maharage hubana viwiko mbavuni, akatoa pumzi nusu, akabonyeza polepole, na yote hayo ili apate simba yuleyule wa kwenye kalenda.

Lakini fadhila kuu ya mtetemo ni kwamba hausemi. Kamera za kidijitali humwaga siri palepale, mtu akanuna kabla ya chakula cha mchana. Mkanda wa picha 36 hutunza heshima ya mwenyewe. Safari nzima anasimulia yule chui aliyemnasa, anawaahidi majirani nakala, anapima ukuta wa sebuleni. Mpaka picha zikasafishwe mjini, yeye ni bingwa, na kuna mikanda iliyokaa kabatini miaka kwa sababu hiyo tu.

Mwenye stendi ya miguu mitatu naye asijione ametengwa. Kioo kilichomo ndani ya kamera hupanda kwa kishindo kabla ya shata kufunguka, na kwenye 1/15 kishindo hicho kinatosha kumtia ukungu tembo aliyesimama. Baadhi ya kamera zina kiswichi cha kukipandisha kioo mapema. Tunaomba kisiguswe.