Barua Inayotembea na Nasaba Yake

Barua ya karatasi, hata ikiandikwa na mtu asiyekuwa na adabu, ilikuwa na staha moja: ilibeba maneno ya mwandishi wake tu, na yaliyotangulia yakabaki sandukuni kwa wenyewe. Barua pepe haikujaliwa staha hiyo. Fulani akimwandikia fulani, huyu akajibu, kisha wa tatu akalipeleka jibu hilo kwa wa nne, maneno yote yaliyopita huandamana nalo, kila neno na mwenyewe, na tarehe yake, na saa yake hata dakika, kama nasaba inayosomwa hadharani mpaka kwa babu wa saba. Ilhali mpelekaji aghalabu hudhani ametuma mistari miwili ya salamu na kiambatisho kimoja.

Walioianzisha desturi hii hawakukusudia shari. Katika zama ambazo barua hizi zilikuwa maandishi matupu, programu ziliweka mwanzoni mwa kila mstari wa maneno ya mwingine ile alama > ambayo mwalimu wa hesabu alitufundisha kuwa ni ya "kubwa kuliko". Yaliyonukuliwa mara mbili yakapata alama mbili, ya mara tatu tatu, na msomaji mwenye subira akaweza kuhesabu vizazi kwa kidole. Taabu ilikuwa kwamba mstari ulinasihiwa usizidi herufi 78, na maadamu kila kizazi kiliongeza alama na nafasi yake, mstari ulifurika, neno lake la mwisho likaanguka chini na kukaa peke yake, ukafuata mstari mrefu, kisha neno jingine pweke, hivyo hivyo mpaka mkiani mwa barua. Mwaka 1999 ulitolewa waraka wa utaratibu, nao ukatengenezwa upya mwaka 2004, uliobuni hila ya werevu: mstari unaokoma kwa nafasi tupu uhesabiwe kuwa haujaisha, ili programu ya mpokeaji iuunganishe na unaofuata. Hila hiyo hufaa pale tu programu zote mbili zinapoijua.

Kioja zaidi kilikuwa katika mitambo ya Unix, ambako barua zote za mtu zilihifadhiwa katika faili moja, na mwanzo wa kila barua ukajulikana kwa neno From. Mstari wowote wa ndani ulioanza kwa neno hilo ulitiwa > mbele yake ili usidhaniwe kuwa ni barua mpya, hata Mwingereza wa watu, aliyeandika maneno yake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, akaonekana amenukuu. Sisi tuandikao "kutoka" tulisalimika.

Hatuwezi kudai kwamba hatukuonywa. Mwaka 1995 ulitoka waraka wa adabu za intaneti, RFC 1855 kwa jina lake la ofisini, uliousia kwamba mwenye kupeleka mbele barua ya mwenziwe asibadili maneno yake, ila anaweza kuifupisha na kunukuu panapohusika; na ikiwa barua ilikuwa ya faragha, naye ataka kuieneza kwa kundi la watu, kwanza aombe idhini. Sijapata kuombwa.

Programu za leo zimeziacha alama hizo kwa sehemu kubwa, na badala yake huyasogeza maneno ya kale upande wa kulia, kila kizazi hatua moja zaidi, jambo ambalo kwenye kompyuta halina madhara, walakini kwenye simu huubana waraka hata salamu ya mtu wa kwanza ikasimama wima ukingoni, "Assa" juu, "lamu" chini yake. Nyingine huyakunja maneno yaliyonukuliwa nyuma ya vitone vitatu vidogo, ili msomaji asisumbuliwe na asichokihitaji. Ni fadhila, nami naisifu. Ila kilichofichwa kwenye simu yangu si lazima kifichwe kwenye yako, kwa sababu kuficha huko ni kazi ya programu inayosoma wala si sehemu ya barua, na barua yenyewe husafiri ikiwa wazi yote.

Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilikuwa na wajumbe Dar es Salaam, Tanga na Ujerumani, na katibu wake alikuwa mjomba, karani mstaafu wa bandari, mtu wa faili na muhuri. Binamu yetu wa Ujerumani alikuwa na programu iliyojibu kwa AW na kupeleka kwa WG, hata kichwa cha habari kikawa "Fwd: WG: RE: AW: Re: Idadi ya wageni". Siku ya kumpelekea mama wa bibi harusi orodha ya vyakula, mjomba alichagua kupeleka mbele badala ya kujibu, na alichagua kwa hikima, kwani jibu aghalabu huacha viambatisho nyuma. Simu yake ilimwonyesha salamu zake na vitone vitatu. Chini ya vitone, vizazi vinne kwenda chini, shangazi alikuwa ameandika:

"Hao watu wa upande wa pili mimi nawajua. Mkiandika mia watakuja mia mbili na hamsini, kila mmoja na bakuli lake la kufungia. Nyama ikatwe ndogo ndogo."

Na juu yake, kutoka Ujerumani: "Naunga mkono hoja ya nyama."

Jibu lilirudi jioni ileile, kwa wote, na nasaba nzima chini yake bila ya kupunguzwa hata mstari: "Ahsanteni kwa orodha. Tutakuja mia tatu, mabakuli tunayo. Nyama ikatwe mpendavyo, meno yetu ni mazima."

"Mpwa wangu," mjomba akanipigia, "nani kawapelekea maneno ya shangazi yako?"

Nikamwelekeza avibonyeze vile vitone. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia muadhini wa msikiti wa jirani yake akianza na kumaliza. Kisha akauliza kama barua yaweza kurudishwa, na alipojua kuwa haiwezi, aliketi akaandika ombi la radhi lenye lugha safi ya ofisini. Na kwa kuwa anwani ya mama yule ilikuwamo ndani ya barua ileile, akaijibu hiyo hiyo, na habari ya mabakuli ikamfikia mkwe wetu kwa mara ya pili, sasa kwa herufi za pembeni zaidi.

Asiyetaharuki katika nyumba nzima alikuwa shangazi. Aliletewa simu, akavaa miwani, akalisoma jibu la mama wa bibi harusi polepole mpaka mwisho.

"Huyu mwanamke nimempenda," alisema. "Ongezeni gunia la mchele."