Milimita 50 na Mama Mkwe

Jumamosi iliyopita mama mkwe wangu aliondoka stendi ya Magufuli ndani ya bajaji. Mimi, mkwe mwenye Prado, nilikuwa nyuma yake namfuata kama gari la msafara. Jogoo aliyekuja naye alitoa kichwa pembeni ya turubai, na nina hakika alikuwa ananitazama mimi.

Haikupangwa hivyo. Nilifika Mbezi mapema, gari nimeliosha mpaka matairi. Mama akatoka getini na kanga zake, kikapu, kiroba cha unga wa muhogo na huyo jogoo kutoka Korogwe. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, njema. Nikamfungulia mlango wa mbele kwa madaha. Akautazama mlango, akaitazama sakafu ya gari, kisha akanitazama mimi.

"Baba, hii inapandiwa wapi?"

Ngazi za pembeni nilizing'oa mwezi uliopita, kwa kuwa niliambiwa gari la porini halina ngazi. Mama akainua mguu, kanga ikakataa. Akajaribu kinyumenyume, kama mtu anayekaa kitandani, kiti kikawa mbali. Sasa, kumshika mama mkwe kiuno na kumnyanyua ni jambo ambalo mila zote ninazozijua zinalikataa, na kumsukuma kwa nyuma ndiyo usiseme. Nikabaki nimenyoosha mikono hewani kama golikipa asiyejua mpira utatokea wapi. Wapiga debe wakaacha abiria wao wakaja kwetu. Mmoja akaleta kreti la soda. Mwingine akamshauri mama apande kama anapanda mnazi. Kreti likateleza, mama akatua salama, ila kiroba kikapasuka pembeni na unga ukatupaka wote wawili. Ndipo kijana wa bajaji, mwenye adabu zake, akasema:

"Bibi, njoo huku chini."

Hiyo "huku chini" bado inaniuma hadi leo.

Acha nieleze kosa lilipotokea, maana kosa lenyewe, ukiliangalia bila hasira, ni zuri. Prado yangu ni ya mwaka 1998, na nilichotaka ni kuinua mbele milimita 50 tu. Dukani niliulizia springi za Old Man Emu kutoka Australia. Kabla ya kutaja bei muuzaji akauliza: "Mbele umefunga bampa la chuma? Una winchi?" Nikaona huyu anataka kuniuzia na winchi. Kumbe lilikuwa swali la pekee la akili nililoulizwa katika safari nzima. Springi huchaguliwa kwa mzigo itakaobeba. Ile iliyotengenezewa pua yenye bampa na winchi, ukiifunga kwenye pua tupu, hainywei. Gari linakaa juu sana na kila jiwe unalihesabu kwa meno.

Nikaachana naye, nikamsikiliza rafiki yangu mwenye Land Cruiser Hardtop. "Chongesha spesa," akaniambia. "Weka 50, upate 50."

Kwake ni kweli. Mbele ya Land Cruiser ile kuna ekseli nzima, chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, na springi zimekaa juu yake. Ongeza wanda moja kwenye springi, gari limepanda wanda moja. Hesabu ya darasa la pili.

Prado haina chuma hicho mbele. Kila tairi linajitegemea. Limeshikwa na mikono miwili, wa juu mfupi na wa chini mrefu, na kila mkono umefungwa kwenye chesisi kwa bushi, nazo hufanya kazi ya bawaba. Springi imevishwa kwenye shokapu, na shokapu haikanyagi tairi, inakanyaga mkono wa chini, karibu na katikati yake. Inuka sasa hivi uende kwenye mlango wa chumba chako. Ushike katikati, usukume wanda mbili. Kitasa kimetembea wanda nne. Tairi langu ndilo kitasa. Aliyetaka kuinuka milimita 50 alipaswa kuweka spesa ya 25 hivi, na mimi niliyeweka 50 nilikuwa nimeagiza karibu 100 bila kujua.

Nimekwishaufungua na kuufunga mlango ule mara nyingi tangu Jumamosi. Mke wangu hasemi kitu.

Mkerezaji wa Gerezani aliniuliza mara moja tu: "Bosi, una uhakika na hii hamsini?" Nikamjibu kwa sauti ya msomi: "Wewe kereza." Akakereza. Na haki yake nimpe, alikereza vizuri mno: pete mbili za alumini nzito, matundu matatu matatu ya bolti, kingo laini kama bangili. Ni vitu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kulinunulia gari lile. Siku ya kuzifunga, fundi alishusha jeki mpaka ikalala sakafuni, na gari likabaki huko huko juu. Tukatazamana. Nyuma sikuwa nimegusa kitu kwa sababu fedha ilikwisha, kwa hiyo Prado ikasimama kama punda aliyeanza kuinuka akaghairi. Jirani aliniuliza kwa nia njema kama nimebeba saruji nyuma.

Lakini urefu ni sehemu ndogo ya habari. Mikono ile ikiinama chini, kila kilichofungwa humo kinainama nayo. Draiv shafti inayotoka kwenye difu kwenda tairini sasa inafanya kazi imepinda, na raba zake za kuzuia grisi zinajikunja na kusagana zenyewe kwa zenyewe. Boli jointi ya juu inafika ukingoni mwa nafasi yake. Ya chini ndiyo ya kuogopwa zaidi: kwenye Prado hizi uzito wa gari unaivuta badala ya kuikandamiza, hivyo ikishalika, siku moja inachomoka na tairi linalala chini ya gari kama mguu wa kiti kibovu. Nilikuwa nimeendesha miaka minne juu ya kitu hicho bila kukijua jina.

Usukani nao ulisahau kurudi katikati. Mhimili ambao tairi linageukia umelazwa nyuma kidogo makusudi, kama uma wa mbele wa baiskeli, na mlalo huo ndio unaolirudisha tairi kwenye mstari ukiachia mikono. Ukiinua pua, mlalo unapungua. Kwenye mashine ya alaimenti kijana alizungusha bolti za kurekebishia, zile zenye kisahani kisichokaa katikati, mpaka zikafika mwisho wa safari yao. Akanirudishia fedha yangu. Nina umri wa kutosha na hajawahi kutokea fundi kunirudishia fedha.

Mengine nitayapitia haraka. Taa zilimulika popo. Raba ya draiv shafti ya kushoto ilipasuka wiki ya tatu. Rafiki mwenye Hilux ya torosheni ba, ile fito ya chuma inayosokotwa kama kanga inayokamuliwa, alizungusha bolti mbili kwa spana, akainua yake kabla chai haijapoa, kisha akacheka.

Nilitaka kuinua kwa ajili gani? Kule Goba, mita 300 kabla ya nyumbani kwetu, barabara imekatwa na korongo. Halikuwa korongo tulipohamia, lilikuwa mfereji wa kurukwa na watoto. Masika ya kwanza likafika magotini. Tukachangishana tukamwaga vifusi, masika ya pili yakavipeleka kwa watu wa bondeni, ambao hawakuviagiza. Kila mwenye gari mtaani amegeuka mhandisi: huyu springi, yule spesa, mwingine amebadilisha matairi. Jioni moja tulikaa kibarazani tukajumlisha kila nyumba ilichotumia kuyainua magari, tukapata fedha ya kutosha kujenga kalavati na chenji ikabaki. Hakuna aliyecheka. Na si kwamba hatuchangii huko kwingine. Tangu 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na ushuru wa mafuta kuongezwa shilingi 40 kwa lita, kila nikijaza tenki nalipa. Nalipa hata nikiwa nimekaa ndani ya korongo injini inanguruma. Barabara imeachwa ishuke na mimi nimeambiwa nipande. Kila mtu na jeki yake.

Siku ile bajaji ililifikia korongo kabla yangu. Kijana hakupunguza hata mwendo wa kuonekana. Akapita juu ya mgongo mwembamba wa udongo uliobaki pembeni, gurudumu la mbele likitafuta njia kama kidole cha kipofu, mama ndani, unga ndani, jogoo ndani. Nikashuka mimi. Tairi la kushoto likaning'inia, kong, mkono wa juu ukaigonga springi, na gari likakaa. Waendesha bodaboda wanne walinisukuma. Mama alikuwa kibarazani, amekwishanawa, anakunywa maji.

Juzi nilizirudisha pete kwa mkerezaji. Hakuuliza neno. Akazipasua katikati kama anayepasua chungwa, na kutoka mbili zikawa nne. Jozi moja iko garini, pua imeshuka, ngazi za pembeni nimezirudisha. Jozi nyingine nilikuja nayo nyumbani nikaiweka jikoni, sikujua niifanyie nini.

Jana wakati wa chakula sufuria la wali lililetwa mezani likiwa limekalia moja. Mama mkwe akaligusagusa, akalisogeza, akaona halitikisiki.

"Baba," akasema, "kata hii ni nzuri sana. Mmenunua wapi?"

Nikamwambia Gerezani.

"Ninunulie na mimi mbili. Nitakuja kuzichukua mwenyewe. Usihangaike kunifuata stendi."