Nyumba ya Magurudumu, Vyombo Ulete Mwenyewe

Kuna watu duniani wanaopenda kukokota nyumba. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Scotland, Gordon Stables, aliundiwa kule Bristol nyumba ya mbao yenye magurudumu, akaiita Wanderer. Hakuwa anakimbia vita wala kufuata biashara: alitaka kutembea tu. Farasi wawili waliivuta, na mtumishi alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia kama njia ni wazi. Tangu siku hizo wenzetu hawajaacha kuongeza. Limeingia jiko la gesi, ikaingia friji, bafu, choo, na sasa sola juu ya paa. Kila kitu ambacho msafiri alikuwa akibeba begani kimehamia ndani ya gari.

Sisi wa Kamina, huku Kongo, tumefuata njia hiyo hiyo, ila kinyumenyume.

Mji wetu ni mtoto wa reli. Hapa njia zinagawanyika: moja inashuka Lubumbashi, moja inakwenda Kananga hadi Ilebo, nyingine Kabalo. Kampuni ya BCK ilifikisha reli Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui wakati huo, mwaka 1928. Mjomba wangu, mstaafu wa reli, ukimpa kiti tu anaanza: vitanda vyenye shuka nyeupe, behewa la chakula, meza zenye vitambaa!

"Mjomba, wewe ulilala humo?"

Anakohoa. Enzi ya Mbelgiji shuka zilikuwa za Wazungu. Mjomba alikuwa mtoto, akisafiri nyuma pamoja na wazazi wake, juu ya benchi la mbao. Shuka aliziona zikianikwa.

Mwaka 1960 ukaleta Uhuru, na mlango wa behewa zuri ukafunguka kwa yeyote mwenye pesa. Sisi tukaingia, shuka zikatoka. Vikafuata vitambaa vya meza, kisha meza zenyewe. Bomba likakauka, taa ikazimika, vioo vya madirisha vikaenda vilikokwenda. Lililobaki ni behewa lenyewe, nalo nadhani ni kwa sababu ni zito.

Ndiyo maana msafiri wa leo hafungi sanduku, anahama. Anabeba godoro la sponji, bidoni za maji, tochi, turubai la mvua, kamba ya kufungia turubai, na sola ndogo ya kuchajia simu. Dada mmoja alipanga vyake miguuni mwangu, na jiko la makaa juu yake, mpaka nikakaa kama kuku wa sokoni.

"Yaya, hii mbabula nayo ni yako?"

"Sasa ya nani? Treni itanipikia bukari?"

"Na makala unawasha humu ndani?"

"Papa, usiogope. Ukisikia harufu ya sombe utanyamaza."

Nilinyamaza, kweli. Lakini bado nanung'unika.

Kinachonikera zaidi kiko juu ya kichwa changu. Kutoka Lubumbashi hadi hapa Kamina reli imetandaziwa waya wa umeme wa volti 25,000. Yaani mtu anakaa chini ya umeme wa kuwasha mtaa mzima, huku anatafuta kandambili yake kwa mwanga wa simu!

Wapagazi wa misafara ya zamani, waliokatiza nchi hii ya Waluba kwa miguu, walibeba kama kilo 30 kila mmoja: hema, sufuria na kitanda cha bwana mkubwa. Kazi ngumu, lakini angalau walijua kwamba wao ni wapagazi, na baadhi yao walipatana ujira kabla ya kuondoka. Mimi ninabeba kitanda, jiko, taa na kisima, halafu naitwa mteja.

Na stesheni ndipo kichekesho kinapokamilika. Mzigo unawekwa kwenye mizani, karani anatikisa kichwa, naambiwa nimezidisha kilo, nilipe. Nilipe nini, chef? Hizo kilo si zangu, ni za behewa lenu! Ninyi mmeleta magurudumu, mimi nimeleta nyumba. Kwa hesabu hiyo, tukifika Lubumbashi, mwenye kudai kodi ni mimi.